Kuweka alama vitabuni: mwongozo kamili kwa anayesoma ili akumbuke

Fungua kabati la vitabu katika shule yoyote ya sekondari hapa Uganda na utakutana na kitabu cha aina hii: kurasa ishirini za mwanzo zimejaa rangi ya njano na waridi, kisha hakuna alama hata moja hadi mwisho. Msomaji alianza kwa ari, akapaka kila kilichoonekana cha maana, akachoka. Siku mbili kabla ya karatasi ya UNEB, yaani mtihani wa taifa, anarudi kwenye kurasa zile na kukuta kila sentensi inadai kuwa muhimu. Inambidi asome yote upya, kama asiyewahi kukishika kitabu hicho.

Nafundisha Kiswahili Jinja, na vitabu vya idara yetu ninavitunza mimi, kwa hiyo alama za wasomaji wa kila aina hupita mikononi mwangu. Ninachoshikilia katika mwongozo huu ni kwamba alama huwekwa kwa ajili ya siku ya kurudi. Anayejua atarudi lini na atakuwa anatafuta nini huweka alama chache, na hizo humtosha. Yatakayofuata yanamfaa mwanafunzi wa S4 au S6, wa chuo, mhubiri, maalimu wa madrasa, na hata wakili mchanga anayehangaika na marundo ya kesi zilizotolewa fotokopi.

Hatua ya kwanza: jua kitabu ni cha nani

Angalia muhuri kabla hujashika kalamu. Kitabu chenye muhuri wa shule, chuo au maktaba ya umma hakiandikwi ndani, hata kwa penseli nyepesi. Kwetu kitabu kimoja cha kiada mara nyingi hutumiwa kwa zamu na wanafunzi watatu au wanne, na mwakani wanakipokea wengine. Mstari wako utamvuruga mtu ambaye humjui. Vitabu hivyo vina njia yake ya vipande vya karatasi, nimeieleza katika hatua ya saba.

Kitabu ulichonunua kwa pesa yako ni hiari yako. Hata hivyo nakushauri ukiandike ukijua kwamba siku moja utakiuza au utampa mdogo wako, kwa maana ndivyo inavyokuwa katika nyumba zetu.

Fotokopi ndiyo yenye uhuru kuliko vyote. Wanafunzi wengi wa Kampala husoma sura zilizotolewa Wandegeya, jirani na Makerere. Ukienda huko, mwombe mwenye mashine mambo mawili. La kwanza, apunguze ukubwa hadi asilimia 90 hivi ili pambizo ziwe pana za kuandikia. La pili, anapofunga kwa springi, aingize karatasi tupu kila baada ya kurasa chache. Wasomaji wa Ulaya wa karne zilizopita waliwaagiza wafunga vitabu wawatilie karatasi tupu kati ya kurasa zilizochapwa, na mafundi wa Barabara ya Nasser wanaweza kukufanyia jambo hilohilo leo. Ila toa sura unayoihitaji tu. Kunakili kitabu kizima cha mwandishi anayeishi kwa kuuza vitabu ni kumnyang'anya riziki yake.

Vitabu vitakatifu vina adabu zake. Waislamu wengi hawaandiki chochote ndani ya Msahafu, na hilo liheshimiwe: tumia utepe au kipande safi cha karatasi. Isitoshe, Msahafu umekuja na alama zake tayari. Pambizoni zimo alama za juzuu 30, za hizbu na za mahali pa kusujudu, na juu ya maneno zimo alama za kusimama na kuendelea. Huko Siyu, kisiwani Pate, Misahafu ya mkono ya karne ya 18 na 19 iliandikwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa njano, ili jicho la msomaji lijue mara moja lipi ni neno na lipi ni kielekezo. Mtoto wa madrasa Bombo au Mbale afundishwe kwanza kuzisoma alama hizo vizuri, na hatahitaji kuongeza za kwake.

Kwa Biblia, walokole wetu hupiga mistari bila wasiwasi, na Biblia iliyochakaa kwa mistari huonekana kuwa ya mtu anayesali. Sina ubishi na hilo. Wakumbuke tu kwamba karatasi ya Biblia ni nyembamba mno, na wino wa upande mmoja hutokea upande wa pili. Wazee wetu walikihesabu kitabu kuwa mali: mwishoni mwa karne ya 19 Biblia ya Kiganda ilichapwa kwa umbo nene na jembamba ili itoshe ndani ya kopo la biskuti la Huntley & Palmers, mchwa wasiifikie.

Hatua ya pili: chagua kifaa

Nikiambiwa nichague kimoja tu, nitachukua penseli. Risasi yake haififii juani, haichuruziki mvua ikikunyeshea ukiwa kwenye bodaboda, na hufutika. Ndiyo maana vyumba vya kusomea hati za kale duniani kote vinaruhusu penseli peke yake. HB inafaa ikiwa haikuchongwa kama sindano, maana ncha kali huchimba karatasi na mchimbo haufutiki. B ni laini zaidi na inatosha kuandika neno pambizoni. 2B huacha weusi unaosambaa ukishikwa kwa mkono wenye jasho. Nunua na raba nyeupe laini. Ile ya waridi iliyo kwenye kitako cha penseli, ikishazeeka, huwa ngumu na kuchubua ukurasa.

Biro iache kwa ajili ya daftari. Ikiingia kitabuni haitoki, na ile inayovuja kwenye joto la mchana hufanya doa linalofikia ukurasa wa pili.

Hailaita, kalamu ile ya kupaka rangi juu ya maandishi, ni kifaa kipya kuliko watu wanavyodhani. Kampuni ya wino ya Carter's ya Marekani iliitoa sokoni mwaka 1963, na Stabilo Boss ya Ujerumani, ile yenye umbo bapa ambalo wengine wote waliliiga, ilifuata mwaka 1971. Ubora wake ni kwamba wino wake unang'aa lakini unapitisha mwanga, maandishi yakabaki yanasomeka. Ina kasoro nne ambazo lazima uzijue. Hupenya karatasi nyembamba. Huchafua maandishi yaliyochapwa kwa printa ya wino wa maji, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye pembe ya ukurasa wa mwisho. Hufifia ikiachwa kwenye mwanga wa jua, na kitabu kilichokaa dirishani mwaka mzima kinaweza kubaki na kivuli tu cha rangi. Tena rangi nzito kama waridi na kijani hugeuka kijivu au nyeusi ukitoa fotokopi, ilhali njano karibu haionekani. Basi ukipaka ukurasa ambao wenzako wataunakili, tumia njano.

Vijikaratasi vya kunata navyo vina historia inayowahusu wanakwaya. Arthur Fry, aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya 3M, alichoshwa na vipande vya karatasi alivyokuwa akialamishia kitabu cha nyimbo kanisani, kwa kuwa vilidondoka kila alipokifungua. Mwenzake, Spencer Silver, alikuwa tayari amevumbua gundi inayoshika bila kung'ang'ania. Vijikaratasi hivyo vilianza kuuzwa kote Marekani mwaka 1980. Ni vizuri kwa wiki chache. Vikikaa miaka, gundi hubaki ukurasani na kunasa vumbi, kwa hiyo usivitumie kwenye kitabu cha thamani.

Usikunje kona, kwa sababu nyuzi za karatasi hukatika na kona huanguka baada ya miaka michache. Usitumie vibanio vya chuma, hasa sisi wa kandokando ya ziwa, maana unyevu hupandisha kutu na kutu hula ukurasa. Usialamishe kwa kipande cha gazeti, kwa kuwa karatasi ya gazeti ina asidi na itaacha umbo lake la hudhurungi ndani ya kitabu. Utepe wa kitambaa au karatasi nyeupe iliyokatwa kwa mkasi hushinda vyote hivyo.

Hatua ya tatu: soma kwanza, alama baadaye

Hapa ndipo wengi hukosea, na hapa naomba utulie nami.

Mwaka 2013 kundi la wanasaikolojia wa Marekani, likiongozwa na John Dunlosky wa chuo kikuu cha Kent State, lilipima mbinu 10 ambazo wanafunzi hutumia kujifunza. Kupiga mistari na kupaka rangi kuliwekwa katika daraja la chini. Mbinu mbili zilizopata daraja la juu ni kujipima kwa maswali na kugawa masomo kwa siku mbalimbali. Sababu ni rahisi kuielewa: mkono unaopaka rangi humpa mtu hisia kwamba anafanya kazi, kumbe akili imesimama. Jicho limeona, mkono umetembea, na hakuna swali lililoulizwa.

Rangi ikizidi, hata ile faida ndogo iliyokuwepo hutoweka. Mjerumani Hedwig von Restorff alionyesha mwaka 1933 kwamba kitu kinachotofautiana na vilivyokizunguka hukumbukwa zaidi. Sentensi moja yenye alama katika ukurasa mweupe inakaa kichwani. Sentensi kumi na tano zenye alama hazitofautiani na chochote.

Kwa hiyo fanya hivi. Soma kifungu kizima, kuanzia kichwa kidogo kimoja hadi kingine, penseli ikiwa mezani. Ukimaliza, geuza kitabu kifudifudi na ujiambie kwa sauti, kwa lugha unayoiota usiku: mwandishi amesema nini hapa? Ukishindwa, soma tena. Ukiweza, fungua kitabu, tafuta sentensi moja au mbili zilizobeba hicho ulichokisema, na hizo tu ndizo uziwekee alama. Wanafunzi huniambia, "Mwalimu, nikisubiri nitasahau pale palipokuwa pazuri." Huwajibu kwamba palipo pazuri kweli hutafutika kwa nusu dakika, na kule kutafuta kwenyewe ni kusoma mara ya pili.

Tuchukue mfano. Tuseme unasoma aya hii:

"Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth II mwaka 1954. Maji yalipopanda yaliyafunika maporomoko ya Ripon, ambayo John Speke aliyafikia mwaka 1862. Umeme mwingi ulivivuta viwanda hadi Jinja. Shaba iliyochimbwa Kilembe ilisafirishwa kwa reli kutoka magharibi hadi hapa ili iyeyushwe, kwa kuwa kuyeyusha shaba kunahitaji umeme mwingi."

Mwenye haraka atapaka miaka na majina: 1954, Malkia, Speke, 1862. Anayejiuliza mwandishi anataka kuthibitisha nini ataona kwamba aya imesimama juu ya sentensi ya tatu, ya umeme kuvuta viwanda, na kwamba shaba ya Kilembe ni ushahidi wake. Atapiga mstari kwenye ile ya tatu, na pambizoni mwa ya nne ataandika "mfano". Ikija karatasi inayouliza kwa nini viwanda vilijengwa Jinja, jibu liko tayari. Miaka atainakili daftarini kama anaihitaji, kwa sababu miaka hukumbukwa kwa kujipima, na kuizungushia duara hakusaidii.

Kanuni ya kukadiria: ukikuta umeweka alama zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ukurasa, rudi uchague upya. Zipo kurasa zisizostahili alama yoyote. Ziache.

Hatua ya nne: tengeneza alama zako, chache

Aristarchus wa Samothrace, aliyetunza maktaba ya Alexandria katika karne ya 2 kabla ya Kristo, alikuwa na alama maalum za kuchambulia tenzi za Homer. Kishale kama hiki > kilisema "hapa pana jambo". Mstari mfupi wa mlalo ulisema "beti huu nautilia shaka". Kinyota kilionyesha beti uliorudiwa mahali pengine. Kwa alama hizo chache aliwafikishia maoni yake wasomaji wa kizazi baada ya kizazi, na sababu zake akazieleza kando, katika vitabu vyake vya ufafanuzi. Wasomaji wa Ulaya, kuanzia karne ya 12, walizoea kuchora pambizoni kiganja chenye kidole kirefu kinachoelekeza kwenye mstari, wengine wakikitilia na mkono wa kanzu.

Chukua alama tano au sita, usizidishe. Hizi ndizo ninazowapa wanafunzi wangu:

| mstari wa wima pambizoni: hoja kuu
|| mistari miwili ya wima: hoja ambayo sura nzima imeisimamia, haizidi moja au mbili kwa sura
? sielewi, au sikubaliani; nitauliza
m mfano au ushahidi
○ neno geni, la kutafutwa kwenye kamusi
→ pamoja na namba ya ukurasa: linganisha na pale

Utaona sijaweka kupiga mstari chini ya maneno. Mstari wa wima pambizoni unafanya kazi ileile kwa muda mfupi zaidi, hauhitaji rula, haugusi maandishi, na ukifutwa hauachi kovu kati ya mistari. Mstari wa chini uhifadhi kwa kirai cha maneno machache ambacho utakinukuu jinsi kilivyo.

Alama ya mshale ina nguvu kuliko zote, na ndiyo wasomaji wengi huiacha. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, wakakaa pamoja wakiifuata mada moja, Roho Mtakatifu, kutoka aya hadi aya kwa kutumia Biblia ya Scofield ambayo pambizoni imejaa marejeo yanayomtoa msomaji mahali pamoja hadi pengine. Uamsho wa Afrika Mashariki hutajwa sana pamoja na mkutano ule. Wewe unaweza kuunda mnyororo kama huo katika kitabu chochote. Mhusika anaahidi jambo ukurasa wa 14 na kulivunja ukurasa wa 97: andika "→97" kwenye wa 14, na "→14" kwenye wa 97. Siku ya kuandika insha mnyororo huo utakuongoza.

Tena andika maneno. Alama isiyo na neno baada ya miezi sita huwa fumbo hata kwa aliyeiweka. Maneno mawili hadi manne yanatosha: "sababu ya vita", "kinyume na sura ya 2", "wivu wa mke mkubwa". Ikiwa kitabu ni cha Kiingereza, andika pambizoni kwa Kiswahili, Kiganda, Kiacholi, Kilugbara, lugha yoyote iliyo karibu na moyo wako. Huwezi kulihamisha wazo hadi lugha yako ikiwa hujalielewa, kwa hiyo kila neno hilo ni mtihani mdogo uliofaulu. Wanazuoni wa Kiislamu walifanya hivyo kwa karne nyingi: matini katikati, hashiya (maelezo ya msomaji) pembeni, na hashiya nyingine zikaja kuheshimiwa kuliko matini yenyewe.

Wazo likiwa refu, usilibane. Karibu na mwaka 1637 Pierre de Fermat aliandika pambizoni mwa kitabu cha Diophantus kwamba amepata uthibitisho wa ajabu wa kanuni fulani ya namba, ila pambizo ni finyu haiwezi kuubeba. Mwanawe alilichapa dokezo hilo mwaka 1670, na wanahisabati wakahangaika nalo hadi Andrew Wiles alipochapisha uthibitisho kamili mwaka 1995. Chukua karatasi nyingine, andika kwa kirefu, na pambizoni weka namba ya karatasi hiyo.

Mwisho wa hatua hii: andika ufunguo wa alama zako ndani ya jalada la mbele. Ni mistari sita tu.

Hatua ya tano: tengeneza faharasa yako nyuma ya kitabu

Kama una nguvu ya kufanya hatua moja tu, fanya hii. Karibu kila kitabu kina ukurasa mtupu mwishoni. Kila unapoweka mistari miwili ya wima, nenda nyuma uandike mada na ukurasa:

ardhi – 12, 45, 103
elimu ya wasichana – 31, 88
methali za bibi – 7, 29, 64
rushwa – 52, 90 (muhimu), 117

John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, aliipenda kazi hii kiasi cha kuchapisha mwaka 1686 maelezo ya jinsi ya kutengeneza faharasa ya daftari la madondoo katika kurasa mbili tu. Alipanga maneno kwa herufi ya kwanza na irabu inayoifuata, ili asipoteze muda kutafuta. Huhitaji kufika huko. Ukurasa mmoja wenye mada nane au kumi unatosha kwa riwaya au tamthilia nzima, na mada zenyewe hujitokeza ukifika theluthi ya kitabu. Usizipange kabla hujasoma.

Kwa kitabu kisicho chako, faharasa hiyohiyo iandike daftarini, juu ukiweka jina la kitabu, mwandishi, mwaka wa toleo na muhuri wa ulikokiazima. Mwaka wa toleo ni lazima, kwa kuwa namba za kurasa hubadilika toleo likibadilika. Biblia imeepukana na taabu hiyo kwa sababu aya zake zina namba, utaratibu ambao mchapaji Robert Estienne aliuingiza katika Agano Jipya mwaka 1551. Katika kitabu cha kawaida huna msaada huo, basi andika na sura.

Hatua ya sita: rudi, ujipime

Rudi kesho yake, rudi baada ya wiki, rudi kabla ya mtihani. Kila ukirudi, usisome sentensi zenye alama. Soma neno lako la pambizoni, funika ukurasa kwa karatasi, na ujaribu kueleza sentensi inasemaje. Kisha funua uhakikishe. Neno la pambizoni linageuka swali, na hivyo mbinu dhaifu ya kupiga mistari inabeba mgongoni mbinu mbili zenye nguvu, kujipima na kugawa siku.

Baada ya kumaliza kitabu, hamishia daftarini yale tu ambayo bado yana uzito. Yataonekana machache, na ndivyo inavyotakiwa. Weka nukuu kwa maneno ya mwandishi ndani ya alama za kunukuu, na maoni yako nje yake. Usizichanganye. Wapo wanafunzi wa chuo wanaoshtakiwa kwa wizi wa maandishi kwa sababu tu daftari lao halikutenganisha vitu hivyo viwili.

Alama za kuuliza nazo zisibaki hapo. Kila Ijumaa mpelekee mwalimu, kaka au dada aliyekutangulia, au kikundi chako. Zikijibiwa, futa.

Hatua ya saba: vitabu vya zamu na vya mitumba

Wanne wenye kitabu kimoja wanaweza kukialamisha bila kukigusa kwa wino. Kateni vipande vya karatasi nyeupe, upana wa kidole, urefu wa kuzidi ukurasa kidogo. Kila mmoja aandike juu yake herufi ya jina lake, na chini aandike namba ya aya na neno lake: "aya ya 3, sababu". Kipande kinakaa kati ya kurasa, na kitabu kikibadilisha mikono kila mtu anatoa vyake na kuvitia kwenye bahasha kwa mpangilio wa kurasa. Vipande visizidi kumi kwa wakati mmoja, la sivyo uti wa kitabu hutanuka na gundi kuachia. Kazi hii inapendeza zaidi kikundi kikigawana: mmoja anafuata wahusika, mwingine mandhari, mwingine methali na misemo. Jumamosi mnakutana na vipande vyenu.

Kitabu kilichokwishatumika kina hatari yake. Utafiti wa Silvers na Kreiner wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba wanafunzi waliosoma matini iliyopakwa rangi mahali pasipofaa na mtu mwingine waliielewa vibaya zaidi, na hata walipotahadharishwa hawakuweza kuipuuza. Kwa hiyo unaponunua kitabu cha mkono wa pili, geuza kurasa kwanza. Kati ya nakala mbili za bei moja, chukua isiyo na rangi hata kama jalada lake limechanika, kwa sababu jalada hurekebishika. Ukilazimika kuchukua iliyopakwa, kata kadibodi nyeusi yenye dirisha la mistari mitatu na usome kupitia hapo, ili macho yasikimbilie kwenye rangi ya mwingine.

Alama za penseli zifutwe ukurasa ukiwa umeshikwa karibu na mshono, raba ikienda upande mmoja kuelekea ukingoni. Ukisugua mbele na nyuma karatasi hukunjamana na kuchanika. Pukuta vumbi la raba kwa brashi laini kabla ya kufunga, maana likibaki mshononi hugandana na karatasi.

Hatua ya nane: kwenye simu

Vitabu vingi siku hizi hutufikia kama faili za PDF kupitia makundi ya WhatsApp. Kwanza jaribu kubonyeza neno kwa kidole. Likichaguka, programu ya kusomea inaweza kulipaka rangi na kulitilia dokezo. Lisipochaguka, faili hilo ni picha za kurasa, na litahitaji kupitishwa kwenye programu inayotambua maandishi. Vinginevyo andika faharasa yako daftarini kama ya kitabu cha kuazima.

Kanuni ya hatua ya tatu inabana zaidi hapa, kwa sababu kidole kinapaka rangi haraka kuliko penseli. Jizuie: kila rangi iambatane na dokezo, na usipokuwa na la kuandika, usipake. Kindle, kisomeo cha vitabu cha kampuni ya Amazon, imekuwa na desturi tangu mwaka 2010 ya kuonyesha sentensi zilizopakwa na wasomaji wengi. Zima kipengele hicho unaposoma mara ya kwanza, kwa sababu uliyoyasoma kuhusu rangi za watu wengine yanatumika hapa vilevile.

Pakua kitabu ukiwa mahali penye mtandao wa bei nafuu, kisome bila data, na baada ya kila sura hifadhi nakala ya madokezo nje ya simu. Kifaa cha Kindle huyaweka katika faili la maandishi linaloitwa My Clippings, nalo hunakilika kwenye kompyuta yoyote kwa waya. Kwa programu za PDF, hakikisha unahifadhi faili lenyewe lenye alama, kisha jitumie kwa barua pepe. Simu huibwa, huanguka ziwani, huisha chaji jioni ya kabla ya mtihani wakati umeme umekatika. Kwa hiyo mada kuu nane au kumi za kitabu, pamoja na kurasa zake, ziwe pia kwenye karatasi moja ndani ya mkoba wako.